Shangazi Aliogopa Kunuka

Shangazi yangu alifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, Mpwapwa kwanza na baadaye Chamwino, na alipostaafu akarudi kijijini kwao akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya tembe la babu. Nusu ya watu wazima wa kijiji walipita mikononi mwake. Wanaume wenye wajukuu walificha sigara wakimwona anakuja. Hata wa rika lake walimwita Mwalimu, na yeye aliitikia jina hilo haraka kuliko jina lake la ubatizo. Nalitanguliza hili kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa saratani ya mlango wa kizazi ilimchukulia nini. Uhai ulikuwa wa mwisho kuchukuliwa.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Majengo hapa Dodoma mjini. Sikusomea uuguzi. Ninayoyajua niliyapata kwa kumuuguza yeye, na kwa kumtazama nesi mmoja wa tiba shufaa, huduma ya wagonjwa wasiopona, aliyekuwa akija kwa bodaboda kutoka hospitali ya misheni, mfuko wa dawa kifuani, vumbi hadi kwenye kope.

Mwanzo wa ugonjwa nitaupita upesi. Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi, damu ikaanza kumtoka tena, akaificha. Alikuwa mjane, na kwa mwanamke wa umri wake mambo ya huko chini hayasemwi hata kwa dada wa tumbo moja. Alipokuja kusema, ugonjwa ulikuwa umeshavuka mlango wa kizazi na kuingia pembeni. Akaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Kadi ya bima ya mstaafu ilimsaidia mno hapo. Tulikutana na wenzetu waliouza ng'ombe kwanza ndipo wakapanda basi.

Bima lakini hailipi safari, wala haijui safari yenyewe ikoje. Dodoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 450. Basi linasimama porini, kondakta anatangaza watu wakachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano. Mwanamke anayetokwa damu, mwenye kitambaa cha kubadilisha na asiye na maji ya kunawa, dakika tano zitamfaa nini? Shangazi aliacha kunywa maji tangu siku moja kabla ili asishuke. Alifika Dar midomo imepasuka. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, tulipanda hiyo kwenda kliniki ya marudio. Abiria wote walikuwa wanasifia mwendo, wanapiga picha madirishani. Yeye alikwenda chooni, akafunga mlango, akakaa alivyotaka, akatoka ametulia. "Wengine wamejengewa treni," akaniambia, "mimi nimejengewa choo chenye magurudumu."

Baadaye ugonjwa ulirudi. Alilazwa katika hospitali moja ya huku kwetu, sitaitaja, na hapo ndipo nilipoona mtu mzima anavyoweza kupunguzwa kidogo kidogo bila yeyote kukusudia ubaya. Daktari alipita na wanafunzi wake, akafunua shuka, akaanza kuwaeleza. Pazia lilikuwapo, limefungwa fundo juu ya chuma chake, na hakuna aliyenyoosha mkono kulifungua. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso ukutani kwa heshima yao wenyewe. Siku nyingine mhudumu mmoja, akimwelekeza mwenzake pa kupeleka shuka, akasema "kwa yule mama wa harufu". Mimi sikuyasikia maneno hayo. Aliyeyasikia ni yeye.

Habari kwamba mionzi haiwezi kurudiwa na kwamba kilichobaki ni kumrudisha nyumbani aliambiwa baba mkubwa, koridoni, wamesimama. Baba mkubwa akaja akatukusanya sisi wengine chini ya mti wa mwarobaini nje ya wodi, tukakubaliana asiambiwe, atavunjika moyo. Ndivyo inavyofanyika kwetu, na nia ni njema. Matokeo yake, tulipofika kijijini nyumba nzima ilijaa watu wanaonyamaza akiingia kikombe cha chai mkononi. Hakuchukua muda. Jioni moja alituita wote sebuleni.

"Mnanong'ona kama watoto wanaoibiana mtihani," alisema. "Nimesimamia mitihani ya darasa la saba tangu hamjazaliwa, namjua mtu aliyeficha karatasi. Nani anayo?"

Baba mkubwa akaanza kulia. Mzee wa miaka sabini na kitu, analia mbele ya mkwe wake. Shangazi akamfuata pale alipokaa, akamshika bega, akawa yeye ndiye anayembembeleza. Kisha akauliza maswali yake, moja moja: je, nitaumwa sana? Nitachanganyikiwa? Nitafia hapa au mtanihangaisha? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu, maana aliyeambiwa habari hizo hakuuliza, na aliyetaka kuuliza hakuambiwa.

Maswali yale alikuja kuyajibu nesi. Tiba shufaa ndiyo kazi yake: kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, kumpunguzia maumivu, kuizungumzia hofu yake, kuwasaidia wanaomuuguza. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, si mlangoni, akamsalimia shikamoo Mwalimu, akangoja aitikiwe. Halafu akasema jambo ambalo lingetakiwa kusemwa koridoni kule: kwamba dawa ya kuponya haipo, lakini dawa ziko nyingi. Niliposikia hivyo nikakasirika upya. Zile "hakuna cha kufanya" tulizopewa zilikuwa za uongo. Kulikuwa na kazi ya kufanya kila baada ya saa nne, usiku na mchana, hadi siku ya mwisho.

Nasema kila baada ya saa nne kwa sababu ya mofini, dawa kali ya maumivu. Kabla yake alikuwa anapewa tramadoli, iliyo dhaifu zaidi, na akiuma meno usiku tulikuwa tunasikia vyumba vyote. Nesi akaleta mofini ya maji, ile inayotengenezwa kwa unga kuchanganywa na maji, unakunywa kwa kipimo cha sindano isiyo na ncha. Ni dawa rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Uganda wameitumia hivyo majumbani tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma yake Kampala mwaka 1993, na Shirika la Afya Duniani liliiweka juu kabisa ya ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani tangu 1986. Nyumbani kwetu hayo hayakumtuliza mtu. Mke wa baba mkubwa alisema wazi kwamba hiyo ndiyo dawa ya kumalizia watu, kwamba jirani yao alipewa Jumatatu akafa Alhamisi.

Nesi hakubishana. Aliuliza tu huyo jirani alianza kupewa lini, akiwa katika hali gani. Alikuwa amepewa akiwa mahututi, na ndivyo wengi wanavyopewa: inacheleweshwa hadi mwisho, kisha mwisho ukifika inalaumiwa yenyewe. Ikianzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu kwa kufuata maumivu, haiharakishi kifo. Alituonya kwamba siku za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, na kwamba hayo yangepita, ila kufunga choo hakutapita, hivyo dawa ya kulainisha choo iende sambamba tangu siku ya kwanza. Ilikuwa hivyo hasa. Alisinzia, akatapika kidogo, tukaanza kutazamana, halafu asubuhi moja tukamkuta ameketi anataka gazeti.

Kilichonifurahisha ni ratiba. Dawa ilitakiwa saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili alale bila kuamshwa. Shangazi akaagiza daftari la mraba, akachora mistari kwa rula, akaweka safu ya saa, safu ya kipimo, safu ya maumivu kwa alama kuanzia sifuri hadi kumi, na safu ya maoni. Alijaza mwenyewe. Nikichelewa dakika kumi aliandika "mchelewaji" na kalamu nyekundu. Nesi akija alikuwa anasoma daftari kwanza kabla ya kumgusa, na dozi ilipandishwa au kuachwa kwa kufuata alichoandika yeye. Kwa mara ya kwanza tangu aumwe, mtu mwenye elimu alikuwa anafanya uamuzi kwa maneno ya shangazi badala ya maneno yetu.

Maumivu yalitulia. Harufu ikabaki.

Wasiowahi kuuguza ugonjwa huu hawajui ninachosema, na waliouguza hawahitaji maelezo. Uvimbe unaoza ukiwa ndani ya mtu aliye hai, bakteria wanaishi humo, na uchafu unatoka saa zote. Tulifungua madirisha, tukaweka mkaa kwenye beseni uvunguni, tukachoma udi. Udi haufai. Unachanganyika na ile nyingine, halafu mgonjwa anajua kwa nini umechomwa. Maji nayo: kumwosha mara mbili au tatu kwa siku na kufua vitambaa vyake kulihitaji ndoo nyingi, na kijijini kwetu mwezi wa kumi maji yanaletwa na punda kwenye madumu, unanunua. Watu wakizungumzia heshima ya mgonjwa huwa wanazungumzia maneno makubwa. Kwetu swali la kwanza lilikuwa leo punda amepita au hajapita.

Wageni hawakukoma kuja. Kwenda kumtazama mgonjwa ni wajibu, asiyekwenda atakumbukwa, na mimi siupingi utamaduni huo, ndio uliotuletea kuni, uwele na mlenda mkavu miezi yote ile. Ila wageni wana namna zao. Wapo waliolia mlangoni kana kwamba tumeshaweka turubai. Yuko aliyetuuliza mbele yake kwa nini hatumpeleki kwa mtaalamu wa mizizi Manyoni, na mwingine akakumbusha mwaka 2011, nchi nzima ilipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha babu kwa shilingi mia tano. Shangazi akamjibu kwamba waliokunywa anawajua, na makaburi yao anayajua pia.

Halafu akaja mwanafunzi wake wa zamani, mtu mwenye cheo kijijini, mtu mwema. Alipiga hodi, akaingia chumbani kabla sijapata nafasi ya kumweka sawa. "Mbukwenyi, Mwalimu," akasalimia kwa Kigogo. Akakaa kidogo, akaomba radhi, akatoka. Alipofika kizingitini akatema mate. Sidhani alijua kama amefanya hivyo, mwili wa mtu unajitetea wenyewe. Lakini chumba kile ni kidogo.

Usiku ule nilipompelekea dozi ya saa nne, shangazi alisema, "Niachie chupa yote."

Nilijua anamaanisha nini. Sikusema kitu, nilitoka na chupa nikaifungia kwenye kabati, nikakaa jikoni hadi kunakucha. Asubuhi nikampigia nesi. Nilitegemea atamwambia ni dhambi, na kwa kweli nilikuwa nataka mtu amwambie. Shangazi alikuwa Mwanglikana wa kupokea Komunyo kila mwezi, na kwa sheria zetu kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari pande zote. Nesi hakulitumia. Alikaa kwenye kigoda chake, akafungua daftari, akaona maumivu ya wiki nzima ni moja na mbili. Akasema, "Mwalimu, maumivu hayajapanda. Juzi uliniambia unataka kuiona mvua ya kwanza. Jana kimetokea nini?"

Shangazi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ametema mate."

Hivyo tu. Mtu aliyekuwa ameshakubali kufa, aliyemfariji kaka yake kwa ajili ya kifo chake mwenyewe, alitaka kukiharakisha kwa sababu mtoto aliyemfundisha kusoma alitema mate mlangoni pake. Wako wanaobishana redioni kama mtu aruhusiwe kuchagua siku yake ya kufa, na hoja za pande zote mbili nazisikia. Mimi nina swali dogo tu la kutanguliza: je, huyo mtu ameoshwa? Ameulizwa nini hasa kinamshinda? Maana ombi la shangazi halikuwa na jibu la ndiyo wala hapana. Lilikuwa na jibu la vidonge vya bei ya soda.

Nesi alitoa mfukoni vidonge vya metronidazoli. Ndivyo vilevile watu wanavyoviita Flagyl, vya kutibu tumbo la kuhara, viko kila duka la dawa. Vinaua wale bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na wao ndio wenye harufu. Vingine alimpa ameze. Vingine tulivisaga juu ya karatasi safi kwa chupa ya soda iliyooshwa, hadi vikawa unga laini. Shangazi alikuwa na kidonda kilichojitokeza hadi kwenye paja kwa ndani. Tukamwosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, bila kusugua, tukanyunyiza unga juu ya kidonda na kwenye kitambaa, tukafunika. Nesi alinifundisha nifanye mwenyewe, mikono yenye glavu, mara mbili kwa siku, na akaniambia niwe nikimwelezea shangazi kila ninachofanya kabla ya kukifanya, hata kama ameshakijua. "Nageuza mguu wa kulia sasa, shangazi." "Haya, geuza."

Wakati tunasaga, nesi alinisimulia habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kuwa nesi akaishia kuwa daktari, aliyefungua hospitali ya St Christopher's huko London mwaka 1967 kwa ajili ya wanaokaribia kufa. Huyo ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hii yana pande nne, mwili, moyo, watu wake na imani yake, na ukitibu upande mmoja mwingine unaweza kuendelea kulia. Nikamwambia sihitaji kwenda London kulijua hilo, nimeliona kizingitini pangu. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, bila kuziba mdomo.

Siku ya tatu nilifungua mlango wa chumba asubuhi nikasimama. Kulikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na ya mtu aliyelala. Si kwamba ile nyingine ilikwisha kabisa, ukiinama karibu ungeipata, lakini chumba kilikuwa chumba tena. Shangazi alinitazama usoni kwa makini, alikuwa anasoma uso wangu. Kisha akaagiza mlango wa sebuleni uachwe wazi, na mtu aliyetema mate aitwe, kwa sababu kulikuwa na jambo la mpaka wa shamba anataka kumwuliza. Alikuja. Alikaa saa nzima.

Kazi yangu ya cherehani nayo ilipata matumizi. Nguo za kawaida zilimtesa, kila kumbadilisha ni kumvua mbele ya watu. Nikamshonea magauni ya kitenge yaliyopasuliwa mgongoni toka shingoni hadi chini, yanafungwa kwa kamba tatu. Ukimtazama kwa mbele amevaa gauni kamili lenye kola, maana alikataa katakata lisilo na kola. Nilishona na pedi kubwa za khanga kuukuu zilizowekwa pamba katikati na nailoni chini, zinafuliwa, zinaanikwa juani. Nepi za watu wazima za dukani zilikuwa zinatushinda bei. Nesi akanishauri pia niweke karibu na kitanda mashuka ya rangi nzito, kahawia na nyekundu iliyoiva, kwa sababu uvimbe wa aina hii unaweza kupasua mshipa mkubwa, na damu juu ya shuka jeupe inamtisha mgonjwa na anayemuuguza kuliko kiasi chake. Niliyashona, nikayakunja, nikayaweka kwenye kikapu. Hatukuyahitaji. Hata hivyo nililala vizuri zaidi tangu siku nilipoyaweka.

Vita vya mwisho vilikuwa vya chakula. Alipoanza kukataa uji, baba mkubwa alichukua kijiko mwenyewe. Kwa Mgogo kumwacha mgonjwa alale njaa ni jambo la aibu, na uji wa uwele ndio ulimkuza. Alimlisha, akapaliwa, akakohoa hadi machozi, na bado kijiko kinarudi. Nesi alituketisha nje akatueleza kwamba mwili unaofunga kazi hauwezi tena kutumia chakula, kwamba hafi kwa kuwa hali, hali kwa kuwa anakufa. Kumlazimisha ni kumwingiza uji mapafuni. Tumpe anachotaka yeye, hata kama ni kijiko kimoja, na midomo tuilowanishe. Shangazi alitaka zabibu. Msimu ulikuwa umeanza, nikamletea kichala kutoka mjini, nikawa nammenyea na kumtolea mbegu. Alinyonya maji yake na kutema ganda. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa anashika kisahani. Tulimpa kazi, akatulia.

Kabla nguvu hazijaisha alikuwa ameandika wosia wake, mashahidi wakatia saini, nakala moja ikapelekwa RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Nyumba, shamba, vitabu, hata mbuzi. Ukurasa wa mwisho haukuwa wa mali. Aliandika kwamba hataki kurudishwa hospitali, hataki mpira wa puani wala dripu, anataka mofini iendelee, na kwamba atakayesema ndugu zake hawakumhangaikia asomewe ukurasa huo. Mchungaji aliuliza kama hiyo si sawa na kujiua. Nesi akamjibu kwamba kuacha mgonjwa afe na ugonjwa wake ni jambo moja, na kumuua ni lingine, na mchungaji akakubali, nadhani alikuwa ameshakubali kabla hajauliza. Alimletea Komunyo siku ileile.

Na ukurasa ule ulisomwa kweli. Alipoanza kulala mchana kutwa na kupumua kwa mkoromo, binamu yangu mmoja alifika kutoka Singida na gari la kukodi, injini inawaka, apelekwe hospitali kubwa. Nilimpa karatasi. Alisoma akiwa amesimama, akarudia, akaenda kuzima gari. Tuliendelea na mofini kwa matone shavuni, tukamgeuza kila baada ya saa mbili, tukamwosha asubuhi na jioni. Alikufa alfajiri ya Jumanne, amevaa gauni lenye kola.

Msibani kukawa na mvutano juu ya historia fupi ya marehemu. Baba mkubwa alitaka iandikwe kawaida, ameugua kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa ameshaandika yake ndani ya lile daftari la dawa, kwa mwandiko wa ubaoni, na aliacha jina langu kuwa msomaji. Nikaisoma neno kwa neno kaburini: saratani ya mlango wa kizazi, inayosababishwa na virusi vya papiloma, ambayo ingeonekana mapema kwa kipimo cha siki kwenye kituo cha afya kama yeye asingeona haya. Akawataka waliokuwa wanafunzi wake, wa kike wakapime, wa kiume wawapeleke wake zao, na mabinti wapate chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na sasa ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kuna wazee walioinamisha vichwa nilipotamka mlango wa kizazi. Sikupunguza sauti, angejua.

Wiki iliyofuata nesi alikuja kuchukua mofini iliyobaki, akaipima, akaandika kiasi, akanitaka nitie saini. Vidonge vya metronidazoli akaniachia. Alisema kijiji cha pili, upande wa Mvumi, kuna mama mwingine, binti yake yuko peke yake na amefunga mlango, haruhusu mtu kuingia. Je, nina nafasi Jumapili?

Nilikwenda baada ya ibada. Binti alifungua nusu ya mlango, akasimama katikati, leso puani, akaniambia mama amelala. Nikamwambia najua kwa nini amefunga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo harufu inaisha kweli?"

"Inapungua sana. Una chupa ya soda tusagie vidonge?"